Sahani za Bwalo la Kumi na Tisa

Bi Yunisi Mghenyi hakumkaribisha fundi kiti. Alimwekea sahani mezani, ya kwanza, ya pili, ya tatu, kila moja akiitua kwa kishindo.

"Hii ni ya uji wa leo asubuhi. Hii ya maharage ya jana. Hii usiniulize ni ya nini, maana hata mimi mpishi sijui. Zote zimetoka kwenye mashine yenu ya kuoshea vyombo sasa hivi. Pitisha kidole, fundi. Usiogope, pitisha."

Nakijwa Mfinanga, fundi wa Ofisi ya Mgao, alipitisha kidole. Kilirudi na utando wa mafuta. Kwenye ukingo wa sahani uji ulikuwa umeganda kama rangi ya ukutani. Aliinusa. Ilinuka dekio lililosahaulika kwenye ndoo.

"Na mashine yenyewe inasemaje?"

"Itasema nini? Inasema safi!" Bi Yunisi aliinyooshea mkono mashine, dude la chuma lenye ukubwa wa kabati la nguo lililosimama pembeni mwa jiko, taa yake ya kijani ikiwaka. "Kila mzunguko ukiisha inatoa kisauti chake: vyombo ni safi, ahsante kwa kuokoa maji. Nina miaka sitini na miwili. Sijawahi kudanganywa na kitu kisicho na haya kama hiki."

Juu ya sinki la zamani bomba bado lilikuwepo, limezungushiwa waya na kupigwa lakiri ya Ofisi ya Mgao. Ndivyo yalivyokuwa mabomba yote ya mji wa Jiwemoja tangu visima vitatu vikauke. Maji ya kunywa na ya kuoga watu waliletewa nyumbani kwa kipimo. Kupika na kuosha vyombo kulihamia kwenye mabwalo thelathini na matatu, na vyombo vilioshwa na mashine peke yake, kwa kuwa mkono wa mtu, Ofisi ilisema, humwaga maji mara sita zaidi. Kila mashine ipate lita ngapi kwa siku, aliyeamua ni Mgawaji, kompyuta kuu ya mji. Kukata lakiri ilikuwa kesi ya jela.

"Ningekuwa na bomba ningeziosha mwenyewe kwa majivu na dodoki," Bi Yunisi alisema. "Mmelifunga. Sawa. Basi hiyo mnayosema ioshe, ioshe! Nimewaandikia mara nne. Mara nne mmenijibu." Alichomoa karatasi kwenye mfuko wa aproni. "'Watumiaji waelimishwe kukwangua mabaki kabla ya kupakia.' Tukwangue nini? Hapa watu wana njaa, fundi. Sahani inarudi imerambwa! Na hii ya nne ndiyo iliyomfukuza kazi Salima."

Nakijwa hakuomba kuiona hiyo ya nne. Aliijua. Aliiandika yeye.

Ilikuwa mwezi wa tano. Aliletewa mezani kumbukumbu za mashine ya Bwalo la Kumi na Tisa, akazisoma akiwa ofisini, na kila mstari ulisema maji yamefika nyuzi sitini na tano, sabuni imetosha, kasoro ni upangaji wa vyombo. Aliandika alichokisoma: mpakiaji, Salima Gunda, hapangi vyombo inavyotakiwa. Akatia sahihi, akaenda kula chakula cha mchana katika bwalo lake la Mtaa wa Juu, ambako sahani zilimeremeta.

"Huyo Salima yuko wapi sasa?" aliuliza.

"Nimemwita. Nilitaka aje umwone kwa macho, usiseme hukumwona." Bi Yunisi alishusha sauti, na sauti ile ya chini ikawa na ukali zaidi kuliko ile ya juu. "Watu kumi na wanane hapa wameharisha tangu mwezi wa tatu. Mzee Gunda, baba yake, alikuwa fundi cherehani. Aliharisha siku nne, ya tano tukamzika. Wiki iliyofuata ndiyo ikaja barua yenu ikasema mchafu ni binti yake."

* * *

Salima alifika wakati Nakijwa amekwisha kulala kifudifudi mbele ya mashine. Alikuwa msichana mrefu, mwembamba, wa miaka kama ishirini na sita, na alisimama mlangoni mwa jiko kama mtu aliyekatazwa kuingia.

"Shikamoo, mama. Shikamoo, dada fundi."

"Marahaba. Njoo, mdogo wangu. Nahitaji mtu anayeijua mashine hii."

Salima alimtazama Bi Yunisi, Bi Yunisi akaitikia kwa kichwa, na msichana akaingia.

Walianza na mambo ya kila siku. Nakijwa alitoa chujio lililo sakafuni mwa mashine. Mara nyingi ugonjwa huwa hapo: mabaki yakijaa, mashine inarudishia vyombo uchafu uleule. Chujio lilikuwa jeupe, limesuguliwa. Akafungua mikono miwili ya kurushia maji, ya juu na ya chini, akaipima vitundu vyake kwa sindano, kimoja kimoja. Chumvi ya maji ya Jiwemoja huziba vitundu hivyo kama saruji. Hivi vilikuwa wazi vyote.

"Nani anavizibua?"

"Mimi. Kila Jumamosi," Salima alisema. "Nilikuwa mimi. Tangu nifukuzwe, nadhani mama ndiye."

"Ndiye," Bi Yunisi alijibu.

Akapima sabuni: sawa. Akazungusha mikono kuona kama inagonga vyombo: haigongi. Kisha akamwambia Salima apakie mashine kama alivyokuwa akipakia siku zote. Msichana alipanga vyombo haraka, bila kubahatisha. Vikombe viliinama kidogo ili maji yasituame, sahani zilitazama katikati, bakuli hakuna lililomfunika mwenzake. Nakijwa alikuwa na miaka ishirini na mbili katika kazi hiyo na hajawahi kuona upangaji mzuri kuliko ule.

Katikati ya vyombo alisimamisha kopo la kioo lenye kipimajoto cha kawaida, kile cha kijiti, kisichounganishwa na kitu chochote. Kingekumbuka joto la juu kabisa lililokifikia. Akafunga mlango, akabonyeza.

Mashine iliunguruma dakika ishirini na tano. Kwenye kioo chake tarakimu zilipanda kwa starehe: arobaini, hamsini, sitini, sitini na tano. Kisha ikasema vyombo ni safi, ahsante kwa kuokoa maji. Nakijwa alifungua, akatoa kopo, akasoma kipimajoto. Akakifuta kwa shati, akasoma tena.

"Thelathini na nane."

"Si imesema sitini na tano?" Bi Yunisi alisogea.

"Imesema."

Wakarudia. Thelathini na nane. Safari hii Nakijwa alikinga bakuli kwenye bomba la kutolea maji machafu, na aliyoyapata yalikuwa kidogo mno. Mzunguko mzima wa suuza haukufanyika. Mashine ilikuwa imeosha vyombo vyote kwa maji yale yale ya vuguvugu, ikayazungusha mara tatu, meusi kama chai ya rangi, kisha ikajipongeza.

Alifungua paneli ya nyuma. Kwanza alishuku koili ya kupasha joto, akaipima: nzima. Pampu: nzima. Ndipo akafikia jicho. Kila mashine ya namna ile ina jicho, kijitaa kidogo na kipokezi chake vinavyotazamana ndani ya maji. Mwanga ukipita vizuri, maji ni safi na kazi imekwisha. Mwanga ukizuiwa na tope, mashine inamwaga maji na kuvuta mengine. Jicho lenyewe halikuwa na hitilafu. Aliunganisha kisomeo chake akaliuliza linakubali tope kiasi gani. Kiwandani huwekwa kumi na mbili. Hili liliambiwa likubali sabini.

Maji ya tope la sabini mtu hawezi kuona kidole chake ndani yake.

Chini ya tarakimu hiyo palikuwa na amri nyingine mbili: joto lisizidi thelathini na nane, na kioo kionyeshe sitini na tano. Na tarehe, tarehe nne ya mwezi wa tatu. Na chapa ya aliyeidhinisha, Ofisi ya Mgao.

Nakijwa alikaa sakafuni.

"Haijaharibika," alisema. "Imeamrishwa."

"Imeamrishwa nini?" Salima aliuliza.

"Isioshe. Na iseme imeosha."

Salima hakulia. Alihesabu kwa vidole, mwezi wa tatu, wa nne, wa tano, akasimama kwenye kidole cha tatu.

"Kwa hiyo baba alipokuwa akiharisha mimi nilikuwa nikisugua chujio hadi kucha zinatoka damu, nikidhani ni mimi..." Hakumaliza. "Dada fundi, ile barua nani aliandika?"

Angeweza kusema Ofisi. Mdomo ulikwisha kuanza.

"Mimi," Nakijwa alisema. "Sikuja kuangalia. Nilisoma tu ilichoniambia mashine."

Salima alivuta kanga yake begani akatoka.

* * *

Injinia Rwegasira, mkuu wa Ofisi ya Mgao, hakukana. Hilo ndilo lililomuudhi Nakijwa zaidi. Alikuja na hasira tayari kubomoa ukuta, akakuta mlango uko wazi.

"Funga hapo, ukae," injinia alisema. Alikuwa amekonda tangu mwaka jana, na macho yake yalikuwa mekundu. "Ni mabwalo ishirini na mawili. Siyo hilo moja."

"Ishirini na mawili!"

"Kila moja linapunjwa lita mia na thelathini na sita kwa siku. Jumla yake karibu lita elfu tatu. Unajua elfu tatu zinaenda wapi? Wodi ya figo, hospitali ya mji. Watu thelathini na mmoja wanasafishwa damu pale, na kila mmoja akikaa kwenye kitanda kile anatumia maji ya kuogea familia nzima. Mwezi wa pili kisima cha nne kilishuka. Nilimwambia Mgawaji: tafuta lita elfu tatu, mahali ambapo hakuna atakayelalamika."

"Ulimwambia hivyo? Kwa maneno hayo?"

"Kwa maneno hayo. Akatafuta. Akaangalia barua za malalamiko za miaka kumi, akaona ni mitaa ipi huandika na isijibiwe, halafu inachoka. Akaleta orodha." Alijifikicha macho. "Nikatia sahihi. Hiyo ya kioo kusema sitini na tano ni yeye mwenyewe aliigundua. Alisema bila hiyo watalalamika. Nilikuwa nimemwambia wasilalamike."

"Na Mtaa wa Juu?"

"Mtaa wa Juu wanajibiwa barua zao."

Nakijwa alikumbuka sahani alizolia chakula jana, zilivyometa. "Amekufa mtu, Injinia. Kuna binti amefukuzwa kazi kwa uongo wa mashine na sahihi yangu."

"Najua. Na wodi ile ikikosa maji watakufa wangapi? Hebu niambie. Wewe ni fundi, piga hesabu." Aliinamia meza. "Sikiliza, Nakijwa. Kumi na Tisa nitawarekebishia leo hii. Joto, suuza, kila kitu. Mgawaji atazitafuta zile mia na thelathini na sita kwingine. Msichana atarudishwa kazini kimyakimya. Umeshinda. Nenda nyumbani."

"Kwingine ni wapi?"

"Usiniulize."

"Bwalo lingine. Watu wengine wataharisha."

"Nimekwambia usiniulize!" Ndipo naye alipopandwa na hasira, mara ya kwanza. "Unataka uwaambie? Waambie! Wakusanye uwaulize: mnataka sahani safi au mnataka wagonjwa msiowajua waishi? Unadhani watu wenye watoto wanaoharisha watachagua nini? Mimi niliwabebea uchaguzi huo ili wasiuchague vibaya."

Nakijwa alitoka bila kuaga. Hakwenda nyumbani. Alipitia hospitalini, akasimama kwenye kioo cha wodi ya figo. Vitanda kumi na moja vilikuwa na watu, mirija myekundu ikiingia na kutoka mikononi mwao. Mwanamke mmoja wa rika lake alikuwa anafuma sweta la mtoto kwa mkono mmoja uliokuwa huru, akishikilia uzi kwa meno. Alimwona Nakijwa, akatoa uzi mdomoni, akatabasamu.

Angekuwa amekutana na mtu mbaya mahali fulani katika siku ile, kazi ingekuwa rahisi. Aliporudi njiani alijaribu kukubali maneno ya Rwegasira, akayageuza huku na huku kama mtu anayejaribisha kiatu. Kila mara kilimbana mahali palepale. Injinia alikuwa mwizi, na aliowaibia aliwaita wachafu.

* * *

Jumapili baada ya chakula cha mchana Bi Yunisi alifunga milango ya bwalo ili mtu asitoke, akagonga sufuria kwa mwiko. Watu mia mbili na zaidi wakanyamaza. Salima alikuwa ameketi nyuma kabisa, karibu na dirisha.

Nakijwa alisimama juu ya benchi na kuwaambia yote. Jicho, joto, kioo kinachodanganya. Akawaambia barua ya nne aliandika yeye bila kufika, na kila kilichoandikwa humo juu ya Salima Gunda kilikuwa uongo. Hapo kelele zilianza, na mtu mmoja akarusha kijiko kilichompata begani. Aliendelea. Akawaambia maji yao yanakwenda wapi.

Kelele zikageuka. Baba mmoja aliyembeba mwanawe alisimama. "Huyu amelazwa mara mbili! Mara mbili! Wagonjwa nawahurumia, lakini na huyu je?"

"Rudisha joto leo leo!" mwingine alipaza sauti. "Wao wakatafute maji yao huko Mtaa wa Juu!"

"Rudisha! Rudisha!"

Rwegasira alikuwa ameyasema haya kabla hayajatokea.

Ndipo mzee mmoja katikati ya ukumbi alipojiinua kwa kushika meza. Wengi walimjua: Mwalimu Mpinga, aliyewafundisha hesabu nusu ya waliokuwemo. Alikunja shati la mkono wa kushoto hadi begani, wakauona mshipa uliovimba kama kamba chini ya ngozi, na plasta yake.

"Jumatatu, Jumatano na Ijumaa," alisema. "Mimi ni mmoja wa hao thelathini na mmoja. Sikuwaambia kwa sababu ugonjwa ni wa mtu na nyumba yake. Leo nawaambia." Aligusa meza kwa kiganja. "Mzee Gunda alinishonea suti niliyoolea. Nilikaa naye meza hii hapa. Amekufa kwa maji yaliyonisafisha damu mimi, na hakuna aliyeniuliza kama nayataka kwa bei hiyo. Wala yeye hakuulizwa. Mkitaka kuyarudisha, yarudisheni. Mimi sitainua mkono kupinga. Siwezi."

Akaketi. Yule baba wa mtoto naye akaketi, polepole.

Salima alizungumza kutoka dirishani. Hakusimama.

"Wangekuja kuomba," alisema. "Wangekuja hapa kama watu, wakasema jamani, kuna wagonjwa, tunaomba maji. Baba angekuwa wa kwanza kusema chukueni. Mnamjua. Angekula kwenye jani." Aliwageukia wenzake. "Walichoiba siyo maji. Maji tungewapa. Wametuibia hata nafasi ya kutoa."

Bi Yunisi aliweka mwiko chini. "Basi tutoe sasa," alisema kwa ukali, kana kwamba anagombana na mtu. "Lakini kwa macho yetu. Fundi, mashine inaosha mizunguko mingapi kwa siku?"

"Sita."

"Mtu mmoja hapa anatumia sahani, bakuli, kikombe na kibakuli cha mboga. Akitumia bakuli moja na kikombe kimoja? Na bakuli akalifuta kwa pumba kabla halijaja kwangu?"

Nakijwa alipiga hesabu akiwa bado juu ya benchi. "Mizunguko mitatu. Kwa joto kamili na suuza mbili." Alihesabu tena, maana hakuamini. "Mnabakiza lita mia na arobaini."

"Mia na thelathini na sita ni za wodi, nne za kwangu nipigie deki," Bi Yunisi alisema. Wengine wakacheka, kicheko cha watu waliochoka. Wakapiga kura kwa mikono. Wanane walikataa, na hakuna aliyewazomea.

Nakijwa alirejesha jicho kwenye kumi na mbili mbele ya wote, na akafuta amri ya joto na ya kioo. Kufanya hivyo bila kibali cha Ofisi kulimgharimu kazi yake kabla ya Jumanne.

* * *

Mambo hayakwenda sawasawa. Habari zilienea mabwalo yote ishirini na mawili ndani ya wiki, na kila moja likaitisha kikao chake. Kumi na saba yalikubali kutoa. Matano yalikataa kabisa. Bwalo la Saba walivunja mashine kwa nyundo. Mtaa wa Juu walipoombwa kufidia pengo waliandika barua ndefu za malalamiko, na kwa wiki tatu barua hizo zilijibiwa kwa heshima zote huku wodi ya figo ikifupisha muda wa kila mgonjwa kitandani. Wagonjwa wawili walivimba miguu. Mwanamke mmoja alifariki, na Nakijwa alipoulizia alikuwaje, aliambiwa alipenda kufuma. Madaktari walisema moyo wake ulikuwa mbovu tangu zamani. Huenda. Nakijwa hakujipa ruhusa ya kuliegemea neno hilo. Alimweka mama yule upande wake mwenyewe wa hesabu, kama Rwegasira alivyopaswa kumweka Mzee Gunda upande wake.

Wiki ya nne Mtaa wa Juu walikubali bakuli moja na kikombe kimoja.

Siku ya Alhamisi Injinia Rwegasira alifika Bwalo la Kumi na Tisa akiwa na karatasi, kwa kuwa hilo lilikuwa sharti la watu wa bwalo: barua ya Salima ifutwe kwa barua, na isomwe mbele ya watu. Alisimama karibu na mashine akasoma. Ofisi inasikitishwa na usumbufu uliojitokeza kufuatia marekebisho ya kitaalamu.

"Simama hapo," Salima alisema. Alikuwa amekuja mbele. "Usumbufu uliojitokeza ni nani? Taja."

Rwegasira aliangalia karatasi. Haikuwa na jina.

"Sina haraka," Salima alisema. "Nimesubiri tangu mwezi wa tano."

Injinia alikunja karatasi ile, akaitia mfukoni. Akajaribu kuongea bila karatasi, akashindwa, akajaribu tena. Mara ya tatu alisema: "Niliamuru mashine hii isioshe vyombo, na niliwaficha. Mzee Idrisa Gunda alikufa kwa amri hiyo. Binti yake hakukosea lolote." Hakuna aliyepiga makofi. Salima aliitikia kwa kichwa, mara moja, kisha akamwambia anaweza kwenda. Kazi walimrudishia lakini hakuitaka. Alisema hataki tena kushika sahani ya mtu.

Nakijwa alikuwa amesimama karibu na mlango. Alipokuwa akitoka, mwanamke ambaye hakumjua alimfuata barazani. Alikuwa amembeba mtoto mgongoni, na vumbi la miguuni lilionyesha ametoka mbali, Bonde la Chini labda.

"Wewe ndiye yule fundi?"

"Nilikuwa fundi, dada. Sasa hivi sina kazi."

"Ndiyo maana nimekuja kwako." Alimgeuza mtoto mbele. Alikuwa wa miezi minane au tisa, shingo kama bua, macho makubwa. "Kila mwezi nampeleka kliniki. Mzani wao unasema anaongezeka. Kilo saba na nusu, kilo nane, kilo nane na robo. Wameniambia hahitaji tena unga wa lishe, wapewe wenye shida." Alimpandisha mtoto mkononi. "Mimi ndiye ninayembeba. Nimembeba kilomita tisa leo. Huyu haongezeki."

Nakijwa alimpokea mtoto, akamweka mkononi. Alikuwa mwepesi kama nguo zilizokauka.

Alimrudishia mama yake, akaingia tena jikoni, akamwomba Bi Yunisi mfuko wa sukari wa kilo mbili ambao haujafunguliwa. Bi Yunisi aliuliza wa nini. Aliambiwa ni wa kuujaribia mzani. Alivua aproni, akauchukua mfuko yeye mwenyewe, akatangulia mlangoni.

"Haya, mwanangu," alimwambia yule mama. "Tuonyeshe hiyo kliniki."